Hemu haitembei peke yake

Kila mtu ajua kwamba damu ni nyekundu. Wekundu huo watoka katika kitu kidogo sana kiitwacho hemu: mfano wa pete, na katikati yake imekaa atomu moja ya chuma. Lakini hemu si mali ya damu tu. Hata bakteria, zisizo na damu wala moyo, nyingi zaihitaji ili zipumue. Je, zaifikishaje mahali pake? Swali hili laonekana dogo, kumbe limewasumbua wataalamu miaka mingi.

Mwaka 1886 mganga mmoja mzaliwa wa Irlandi, Charles MacMunn, aliyefanya kazi Wolverhampton katika Uingereza, aliandika habari za mistari myeusi aliyoiona katika nyama za wanyama wengi. Aliitazama kwa spektroskopi, chombo kinachotenga rangi za nuru. Hoppe-Seyler, mkubwa wa elimu hiyo katika Ujerumani, alimkatalia: eti ni damu iliyoharibika tu. Nani angemsikiliza mganga wa mji ule? MacMunn alikufa mwaka 1911 bila kusadikiwa.

Mwaka 1925, huko Cambridge, David Keilin alikuwa akimchunguza nzi ambaye buu lake lakaa tumboni mwa farasi. Akaona mistari ile ile. Akaiona hata katika chachu. Alipoitikisa chachu pamoja na hewa, mistari ilitoweka. Alipoiacha itulie, ikarudi. Basi alitambua kwamba kitu hiki chafanya kazi katika kupumua kwenyewe. Akakiita sitokromu. Ninyi mliojifunza Kigiriki mwaona maana yake: rangi ya chembe. Wala hakuficha kwamba MacMunn alimtangulia.

Tuje sasa kwenye shida yenyewe. Sitokromu za namna ya c ni proteini zilizofungiwa hemu. Katika bakteria ya matumbo yetu iitwayo Escherichia coli, hizo zakaa nje ya utando wa ndani. Lakini hemu yatengenezwa ndani. Proteini yapita katika utando kama uzi usiokunjwa bado. Hemu nayo yapaswa kuvuka, na haifai kuachwa huru, kwani ikiwa huru ni sumu: yaunguza mafuta ya utando na kuharibu proteini. Wenye kujua malaria wataelewa upesi. Kijidudu cha malaria chala damu yetu, na hemu inayobaki hukigandisha kama mchanga ili isikidhuru. Klorokini yazuia kuganda huko, na kijidudu chafa kwa chakula chake mwenyewe.

Basi E. coli yatumia proteini nane, karibu zote zimeshikwa katika utando, ziitwazo CcmA mpaka CcmH. Ya kupendeza kupita zote ni CcmE. Mwaka 1998, kikundi cha Linda Thöny-Meyer huko Zürich kilionyesha kwamba hiyo ndiyo mchukuzi. CcmC yaweka hemu juu ya CcmE, nayo yaishika kwa kifungo cha kweli, si kwa kuigusa tu. CcmA, upande wa ndani, yatumia nguvu ya ATP ili mchukuzi aachiliwe aende zake. Aenda kwa CcmF na CcmH. Hapo hemu yafungwa kwenye proteini ya sitokromu, katika sulfuri mbili. Kama sulfuri hizo zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kazi haiwezekani. Ndiyo maana CcmG yatangulia kuzisaidia kuachana.

Kazi nyingi kwa pete moja, mtasema. Naam, na bakteria nyingine zafanya kwa ufupi zaidi. Ile ya kifaduro, na ile ya vidonda vya tumbo, zatumia mtambo uitwao CcsBA, unaovusha hemu na kuifunga papo hapo. Umbo la mtambo huo, katika bakteria moja ya jamaa ya ile ya vidonda, lilionekana wazi mwaka 2022 kwa mikroskopi ya elektroni.

Sisi wenyewe twatumia njia ya tatu. Katika mitokondria zetu kazi ya kufunga yafanywa na enzimu moja, ya ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo dawa ambayo ingeuzuia mtambo wa bakteria huenda isiuguse wetu. Dawa ya namna hiyo haijafika bado katika dispensari.