Maji Yakipwa Jambiani

Wasafiri wanaokuja Unguja huonywa kuhusu pwani ya mashariki: huko bahari inakimbia. Waende Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali na mtu huogelea saa yoyote apendayo. Paje, Jambiani na Makunduchi, wanaambiwa, unaamka asubuhi unakuta mchanga mtupu na majani yanayonuka. Mgeni mmoja aliyepanga jirani na kwetu aliniuliza, kwa upole na kwa huruma kabisa, kwa nini wanawake wa kijiji wanazika takataka ufukoni. Swali lile limenikaa rohoni mpaka leo. Aliowaona walikuwa shangazi zangu, na walichokuwa wakikifukia ni makumbi.

Bahari yetu haikimbii, inapwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka kama mita 4, na kwa kuwa chini ni tambarare mpaka kwenye mwamba, bahari hujitenga na kijiji kwa zaidi ya kilomita 1. Mgeni huona utupu. Sisi tunaona asubuhi imefika. Wanaume wana ngalawa zao nje ya mwamba; hapo panapofunuka katikati pamekuwa pa wanawake, wenye kuchokoa pweza, wenye kuokota chaza, wenye mashimo yao ya makumbi. Mamangu hakukubali posa ije mchana wa bamvua. Nani angempokea mgeni, na nyumba zote zimehamia pwani?

Kazi ya makumbi nitaieleza kwa urefu, maana ndiyo ninayoililia.

Nazi ikishafuliwa, kumbi halitupwi. Hupelekwa pwani, likafukiwa kwenye shimo, mahali panapofikiwa na maji kila siku, juu yakapangwa mawe. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake na alama yake. Bibi yangu alirithi lake kwa mama yake, na sikupata kusikia hata siku moja kwamba mtu kafukua makumbi ya mwenziwe. Maji ya chumvi hufanya kazi yao kwa miezi, yakalainisha kilicho laini na kuacha nyuzi. Yakiiva hufukuliwa. Harufu yake ni kali, sikatai. Kisha huwekwa juu ya jiwe na kupondwa, yakaoshwa, yakapondwa tena, hadi ukabaki usumba mtupu, wa rangi ya dhahabu ukishaanikwa juani. Bibi alisokota kamba bila kutazama mikono yake. Macho alikuwa nayo kwetu wajukuu, na mdomo ulikuwa kwa wenziwe: zamu ya upatu ni ya nani, binti wa fulani kaposwa na nani, ndoa ipi inalegea na nani wa kwenda kuisuluhisha. Mambo mazito ya kijiji yalikwishaamuliwa pale kabla wanaume hawajayafikisha barazani.

Kamba hiyo ndiyo iliyofunga fito za nyumba zetu, ikawamba vitanda, ikashika foromali kwenye mlingoti. Mitepe, vyombo vya kale vya pwani yetu, ilishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari. Na karne ya 1 mfanyabiashara mmoja aliyeandika kitabu cha Periplus kwa Kigiriki alikwishataja vyombo vya kushonwa upande wetu huu. Fedha ya kamba, nayo, ilikuwa ya mwanamke mwenyewe. Mume hakuiulizia.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi siuelezi. Kila Julai una kamera za kuutosha. Mavazi nayo hayana maneno mengi: upitapo kijijini, jifunge kanga.

Makumbi hayakuuawa na watalii peke yao, na nisiseme uongo. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, na mwani huvunwa baada ya wiki chache wakati makumbi yanataka miezi. Mama zetu wakaufuata, wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Kamba za nailoni zikajaa madukani. Kisha maji yakazidi joto, ule mwani wenye bei nzuri ukawa unakufa shambani, na unaostahimili haulipi. Na sasa, upepo wa Kusi au Kaskazi ukishika, Paje hujaa tiara za wachezaji juu ya maji yaleyale, na mwenye shamba huinama huku akiangalia kamba zinazopita juu ya kichwa chake.

Ninajua hoteli zimewaajiri vijana wetu. Ninachokikataa ni pwani kuitwa tupu, kwa sababu mahali pakishaitwa patupu, aliyepo huonekana kavamia. Hoteli moja ilipojenga ukuta karibu na mashimo yetu, mlinzi alitumwa kumwambia shangazi ayahamishe makumbi yake, wageni wanalalamikia harufu. Alikuwa kijana wa hapahapa. Alimwamkia kwanza, shikamoo, shangazi, kisha akatoa alichotumwa.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu. "Mawe haya nimeyakuta kwa mama yangu. Wewe umenikuta mimi."

Kijana akainamisha kichwa, akayarudia maneno yaleyale.

Shangazi alihama. Shimo lake sasa liko kusini zaidi, nusu saa kwa miguu, na gunia la usumba uliolowa hulirudisha kichwani. Zamani walikwenda wanawake zaidi ya ishirini. Bamvua lililopita nilikwenda naye, tukawa watatu, na katika hao watatu nilikuwa mimi peke yangu nisiyejua kusokota.