Likizo bila mwenza wa safari: njia za kusafiri pamoja na wengine baada ya umri wa hosteli

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Kwa wafanyakazi wengi waliovuka umri wa miaka 30, siku hizo huishia mahali palepale kila mwaka: kwenye ujenzi usiokwisha, shambani, msibani, kwenye harusi ya binamu, kisha kurejea kazini. Si kwamba watu hao hawapendi kuiona nchi yao. Kikwazo, mbali ya fedha, mara nyingi ni kukosa mtu wa kwenda naye.

Mwenzi wa ndoa hana likizo mwezi huo. Rafiki wa chuoni ana watoto wadogo. Mjane, au mtu asiye na ndoa, huona haya kuketi peke yake mezani katika mji asio na ndugu. Aidha, safari ya mtu mzima katika jamii ya Kitanzania hutarajiwa iwe na sababu inayotajika: mgonjwa, kikao cha ukoo, semina. Mwanamke wa miaka 40 anayefika peke yake mapokezi ya nyumba ya kulala wageni huulizwa, kwa maneno au kwa macho, amefuata nini.

Kwa vijana, jawabu la tatizo hili lilipatikana zamani. Mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alipata wazo la hosteli za vijana mwaka 1909, na hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya Altena mwaka 1912 kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa katika matembezi ya mashambani. Chumba kilikuwa kimoja chenye vitanda vingi, na mlo ulikuwa wa pamoja. Utaratibu huo ulienea duniani, ingawa katika jimbo la Bavaria, kwa miaka mingi, hosteli hizo ziliwafungia mlango watu wazima waliozidi umri wa miaka 26.

Nchini Tanzania neno hosteli humrudisha mtu chuoni, kwenye kitanda cha dabodeka na foleni ya bafu. Mtu wa miaka 45 mwenye mgongo unaouma hana hamu ya kurudi huko, na hapaswi kulaumiwa. Gesti humpa kitanda chake na ufunguo wake, ila humnyima mazungumzo. Kitabu cha wageni pale mapokezini huishia kujua habari zake, yaani jina, kabila, kazi, atokako na aendako, kuliko binadamu yeyote atakayeonana naye hadi asubuhi.

Hata hivyo, kinachowaunganisha wageni wa hosteli si kulala bwenini. Ni muda mrefu wanaokaa pamoja, chakula cha pamoja na njia moja. Mambo hayo matatu yanapatikana nchini kwa mtu wa umri wowote, na baadhi yake hutolewa na taasisi za umma kwa gharama ambayo mtumishi wa kawaida anaweza kuipanga katika bajeti yake.

La kwanza ni treni ya masafa marefu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne na cha daraja la pili vitanda sita, na wanawake hupangiwa vyumba vyao na wanaume vyao, isipokuwa kundi linapokodi chumba kizima. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, utaratibu huo pekee una thamani kubwa: hulala katika chumba cha wanawake wenzake, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, na asubuhi tayari anawafahamu watatu au watano kwa majina ya watoto wao.

Treni hiyo hupita ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ikaingia bonde la Kilombero, kisha ikapanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako kupitia madaraja na mahandaki mengi. Abiria husimama pamoja kwenye korido kutazama nje, na hakuna anayehitaji kutafuta neno la kuanzia, kwa kuwa twiga akionekana mtu wa kwanza kumwona huwaita wengine. Mang'ula, lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yenye maporomoko ya Sanje ya mita 170, ni mojawapo ya vituo vya reli hiyo. Msafiri anashauriwa kuthibitisha ratiba kituoni kabla ya kuomba likizo, kwa kuwa safari za abiria za reli hiyo zimekuwa zikibadilika.

Kaskazini, usafiri wa abiria wa treni hadi Moshi ulirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ukafika Arusha. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo, ni habari nyingine. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Inamfikisha mtu haraka na kwa raha, lakini kwa anayetafuta wenzake wa safari, kasi hiyo haimsaidii sana: kabla jirani hajaweka simu chini, treni imefika. Itumike kumfikisha mtu pale safari yake inapoanzia.

Ukarimu wa behewani una mipaka yake. Onyo la kutopokea chakula au kinywaji kilichokwisha kufunguliwa kutoka kwa mtu usiyemfahamu linabaki palepale, hata kama mtu huyo ni mzee mwenye heshima zake. Kununua pamoja kwenye behewa la chakula, au dirishani kituoni, huondoa shaka bila kuvunja urafiki.

Njia ya pili ni kukaa vijijini kupitia utalii wa kitamaduni. Mpango huu ulianza katikati ya miaka ya 1990, na Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, ni miongoni mwa maeneo yaliyotangulia. Vikundi vya wananchi huwapokea wageni, huwatembeza mashambani, huwapikia, na katika baadhi ya vijiji huwalaza majumbani. Wengi hudhani huduma hiyo ni ya Wazungu tu. Ukweli ni kwamba mgeni Mtanzania huifaidi zaidi, kwa sababu anaelewa kinachosemwa. Mtu wa Mtwara anayekaa siku mbili na familia ya Waarusha huko Ng'iresi, akimenya ndizi pamoja na mama mwenye nyumba, hatahitaji mkalimani wala kupigwa picha, na usiku atakuwa amesikia habari za ukoo mzima.

Milima ya Usambara inafaa zaidi kwa anayependa kutembea. Kutoka Lushoto, ambako barabara hupanda kutoka Mombo, wageni hutembea kwa siku kadhaa wakiongozwa na vijana wa eneo hilo, kupitia msitu wa Magamba hadi Mtae, mahali ambapo mlima hukatika ghafla na tambarare ya Mkomazi kuonekana chini. Njiani wengi hulala Rangwi, katika nyumba ya wageni ya masista. Mwendo ni wa taratibu na waongozaji wamezoea kuwaunganisha watu waliofika mmoja mmoja, hivyo anayefika Lushoto peke yake siku ya Jumatatu anaweza kuwa na wenzake wawili kufikia Jumanne. Mavazi ya staha yanatakiwa, na ni vema mgeni ajulikane kwa uongozi wa kijiji anapolala. Mwongozaji anayekwepa jambo hilo anatia shaka.

Nyumba za wageni za kimisheni kwa ujumla, kama zilivyo katika abasia za Wabenediktini za Peramiho na Ndanda, hazitajwi sana katika matangazo ya utalii. Ni safi, zina utulivu, na hufuata saa za kula. Huko ndiko mwalimu mstaafu, daktari na mfanyabiashara wa korosho hujikuta wakila pamoja. Anayetaka muziki hadi usiku wa manane atafute kwingine.

Tatu ni Mlima Kilimanjaro. Katika njia zote za kupandia, ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, vya Mandara katika mita 2,720, Horombo mita 3,720 na Kibo zaidi ya mita 4,700, kabla ya kilele cha mita 5,895. Hapa kulala chumba kimoja na wengine hakuepukiki, lakini hali ni tofauti na bweni la vijana: kila mtu amechoka, taa huzimwa mapema, na mezani wanakutana watu wa miaka 25 na 60 wakiwa na hofu ileile ya kesho. Mpandaji haruhusiwi kwenda bila mwongozaji mwenye leseni, na hufuatana na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Maumivu ya kichwa yasiyotulia, kutapika au kuyumba ni dalili za kuathiriwa na kimo. Aambiwe mwongozaji bila kuona aibu, na dawa ya uhakika ni kushuka. Asiye na fedha au afya ya kufika kileleni anaweza kutembea kwa siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kurudi.

Safari za makundi zinazoandaliwa kupitia simu ndizo zilizoenea zaidi mijini, hasa wakati wa Pasaka, Sabasaba na Nanenane. Mantiki yake ni hesabu rahisi. Kwa mfano, gari la kwenda Mikumi likikodishwa kwa shilingi 600,000, mtu mmoja hulipa zote. Watu 12 hulipa 50,000 kila mmoja. Viingilio vya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, na ni vidogo mno vikilinganishwa na vya wageni wa nje.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia kuhusu makundi hayo. Kwanza ni umri. Mtu wa miaka 48 katika basi la vijana wa miaka 23 huamkiwa shikamoo kutwa nzima, hupewa kiti cha mbele, hutunzishwa fedha za chakula na kuamua ugomvi, yaani huwa mzazi wa safari badala ya msafiri. Wapo wanaoipenda kazi hiyo. Asiyeipenda aulize mapema waliojiandikisha ni watu wa rika gani. Makundi ya wafanyakazi wa sekta moja, wanakwaya, wastaafu au wahitimu wa shule moja humfaa zaidi kuliko tangazo lisilo na mwenyewe.

Pili, na hapa ndipo wananchi hupoteza fedha, ni uhalali wa mwandaaji. Biashara ya kusafirisha na kuongoza watalii huendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na gari la kubeba abiria hutakiwa kuwa na leseni ya LATRA. Kuomba kuona nyaraka hizo ni haki ya mteja. Malipo ya hifadhi za taifa hufanyika kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali, hivyo mwandaaji mkweli anaweza kuonesha risiti ya viingilio. Fedha zikitumwa kwa simu, jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala lilinganishwe na jina lililo kwenye leseni. Jina likiwa jingine, muamala usitishwe hadi maelezo yapatikane. Ni busara pia kulipa kwa awamu, na kuwa na maandishi yanayoeleza kiasi kitakachorejeshwa endapo safari itaahirishwa.

Aliyekwisha kutapeliwa asifute mazungumzo kwa hasira, kwa kuwa ujumbe na namba ya muamala ndio ushahidi wake atakaoupeleka kituo cha polisi. Namba za simu zinazotumika kwa utapeli huripotiwa pia kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kabla ya kuondoka, msafiri aache kwa ndugu mmoja jina la mwandaaji, namba ya gari na mahali pa kulala kila usiku.

Kuhusu wakati, miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na inafaa kwa Usambara, Udzungwa na Mikumi. Masika huharibu barabara nyingi za vijijini. Vibanda vya Marangu hujaa inapokaribia tarehe 9 Desemba, makundi yanapopanda kuadhimisha Uhuru na kukumbuka usiku wa mwaka 1961 ambapo Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni. Anayetaka nafasi kipindi hicho hulazimika kuomba likizo na kuweka nafasi miezi kadhaa kabla, na kuanza mazoezi ya kutembea mapema vilevile.