Mbuga ya Maji Haikai Bure

Ndugu msomaji, huenda karibu na kijiji chako kuna mbuga yenye nyasi ndefu. Masika hujaa maji. Kiangazi hubaki majani mabichi na matope. Watu wengi husema, "Ardhi hii imekaa bure." Sivyo. Ardhi hii inafanya kazi.

Tazama Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Katika matete ya bonde hilo anaishi mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa rangi ya manjano. Wataalamu walimtambua mwaka 1990. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Matete yakiisha, naye atakwisha.

Yuko pia korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Hujenga kiota chini, katikati ya nyasi zenye maji. Maji humlinda na maadui. Mbuga ikikaushwa, mayai na makinda hayana kinga. Tangu mwaka 2012 ndege huyu yumo katika orodha ya wanaokaribia kutoweka.

WAGENI KUTOKA MBALI

Korongo weupe huzaa Ulaya. Baridi ikianza huko, chakula chao huadimika. Basi huruka maelfu ya kilomita kuja kwetu. Hapa hula nzige, viwavi na vyura. Je, mkulima, huyu si rafiki yako?

FAIDA KWETU

Mbuga hupokea maji ya mafuriko, ikayaachia polepole. Samaki huzaa humo. Ng'ombe hupata malisho wakati wa kiangazi. Mto Kilombero hupeleka maji Rufiji, kwenye bwawa la umeme la Julius Nyerere.

TUFANYE NINI?

Mwaka 2002 Bonde la Kilombero liliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi zenye maji duniani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Lakini sheria peke yake hailindi kiota. Mlinzi ni wewe.

Ni kweli, tunahitaji mpunga. Tunahitaji malisho pia. Kwa hiyo katika mkutano wa kijiji tupange pamoja: majaruba yawe wapi, mifugo ipite wapi, na matete yaachwe wapi. Kisha:

- Usichome nyasi zenye viota.
- Usichimbe mitaro ya kukausha mbuga.
- Usichukue mayai wala makinda.

Ndugu msomaji, mbuga ikikauka, ndege ataondoka kwanza. Samaki atafuata. Mwisho tutabaki sisi na ndoo tupu.