Sumbawanga (jina)

Sumbawanga ni jina la makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Mji huo uko kwenye nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Makala hii inahusu jina lenyewe: limeundwaje, lina maana gani, na linasaidiaje kuelewa uundaji wa maneno katika Kiswahili na katika Kiingereza, ambacho ni lugha ya kufundishia katika shule za sekondari nchini.

Sehemu za jina

Kwa maelezo yanayojulikana zaidi, jina hili ni la Kifipa na lina sehemu mbili: sumba, yaani "tupa", na wanga, yaani "uchawi". Jumla yake ni "tupa uchawi". Huelezwa kuwa ni onyo kwa mtu anayeingia mjini: kama amekuja na uchawi, autupe. Msemaji wa Kiswahili huitambua sehemu ya pili kwa urahisi, kwa sababu kuwanga ni kufanya uchawi, hasa usiku, na mwanga ni mtu afanyaye hivyo.

Viambishi

Sehemu ndogo kabisa ya neno yenye maana au kazi yake huitwa mofimu. Katika maneno Ufipa, Mfipa, Wafipa na Kifipa, shina ni moja, -fipa. Kinachotofautisha nchi, mtu, watu na lugha ni kiambishi cha mwanzo. Wenyewe huiita lugha yao Ichifipa, ambapo chi- hufanya kazi ya ki- ya Kiswahili.

Kiingereza hakina viambishi vya ngeli. Neno Fipa hutumika kwa watu na kwa lugha pia, na msomaji hutambua kinachosemwa kutokana na maneno yaliyo jirani. Hata hivyo Kiingereza kina viambishi vyake, na vingi huja mwishoni mwa neno. Kutoka play, "cheza", hupatikana player, "mchezaji". Kutoka kind, "mwema", hupatikana kindness, "wema". Vingine huja mwanzoni: unkind ni "asiye mwema".

Maneno ambatani

Jina Sumbawanga halikuundwa kwa viambishi, bali kwa kuunganisha kitenzi na nomino inayotendewa. Kiingereza kina maneno machache ya namna hiyo. Pickpocket, yaani mwizi wa mfukoni, ni "chomoa" na "mfuko". Scarecrow, yaani sanamu ya kutishia ndege shambani, ni "tisha" na "kunguru". Breakfast, chakula cha asubuhi, ni "vunja" na "mfungo".

Kiswahili kilifuata njia iliyo karibu na hiyo kwa chakula hichohicho: kifungua kinywa ni "fungua" na "kinywa", pamoja na kiambishi ki- cha mwanzo.

Maana hutoka wapi

Sehemu za neno huonyesha neno lilikotoka, lakini hazitoshi kueleza maana yake ya sasa. Anayekula breakfast hafikirii mfungo. Butterfly, yaani kipepeo, limeundwa kwa maneno mawili yenye maana ya "siagi" na "nzi", wala kipepeo si kimojawapo. Mwanafunzi akitafsiri maneno ya namna hii kipande kwa kipande atapotea.

Umbo moja pia laweza kubeba maana zaidi ya moja. Katika kitabu cha sayansi cha Kiswahili, wanga ni kirutubishi kilichomo katika ugali wa mahindi, zao kubwa la Rukwa. Katika mazungumzo mengine, wanga ni wachawi. Umbo ni lilelile. Muktadha ndio unaoamua. Maana ya neno basi hutegemea sehemu zake, muktadha wake na mazoea ya wanaolitumia.

Jina na sifa ya mji

Katika utani wa Watanzania, anayetoka Sumbawanga huulizwa habari za uchawi, kana kwamba jina ni ushahidi dhidi ya wenyeji. Kwa sehemu zake, jina linasema kinyume: uchawi utupwe. Mazoea ya wasemaji yamebakiza wanga na kusahau sumba.

Historia inaonyesha kwamba kuukataa uchawi lilikuwa jambo zito Ufipa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wafipa katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1968 kuhusu Kamcape, harakati za kupinga uchawi zilizoenea kusini-magharibi mwa Tanzania. Mji ulikuwa na jina lake kabla ya harakati hizo, kwa hiyo hazielezi asili ya jina.

Tofauti kati ya maana mbili za jina si jambo dogo. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania watu, hasa wanawake wazee, wameshambuliwa na hata kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Jina la mahali halithibitishi lolote kuhusu mtu anayeishi hapo. Kwa watu wengi wa Sumbawanga leo, neno hilo ni jina la nyumbani tu: mahali pa soko, shule, stendi na mashamba.