Kabla Meli Haijapimwa kwa Kilo

Pikipiki, redio au trekta ikishatumika hushuka bei kila mwaka, na hakuna anayeshangaa. Lakini katika soko la boti za kifahari duniani lipo kundi dogo linalokwenda kinyume na kanuni hiyo. Ni boti za injini zenye umri wa miaka themanini, tisini, hata mia na zaidi. Ziliwahi kutelekezwa zikala kutu, mafundi wakazifufua, na leo madalali wanazitangaza kwa mamilioni ya dola. Anayezinunua hatafuti mwendo wala nafuu ya mafuta, maana vyote hivyo atavipata kwa urahisi zaidi kwenye chombo kipya. Anacholipia ni historia iliyoandikwa na inayoweza kuthibitishwa: nani alikiunda chombo, wapi, kilibeba nani, kilipita vita gani, kilibadilishwa nini na lini. Ninasema kwamba sisi wa Maziwa Makuu tunayo historia ya aina hiyo juu ya maji yetu wenyewe, na tunaipoteza kwa sababu tumezoea kuipima kwa kilo.

Chukua boti maarufu kuliko zote za kundi hilo, Christina O. Iliundwa Kanada mwaka 1943 ikiwa manowari iliyoitwa Stormont, na mwaka uliofuata ikashiriki majeshi yalipotua pwani ya Normandy. Vita vilipokwisha ilikuwa mzigo tu kwa serikali. Mwaka 1954 tajiri wa Kigiriki mwenye meli nyingi, Aristotle Onassis, aliinunua kwa bei ya chuma chakavu, dola 34,000, akatumia takriban dola milioni 4 kuigeuza kuwa boti ya anasa. Onassis alipofariki mwaka 1975, binti yake aliikabidhi serikali ya Ugiriki, nayo ikaiacha ichakae kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikanunuliwa tena, ikapelekwa Kroatia, ikatolewa mitambo ya mvuke na kuwekwa injini za dizeli, na tangu hapo imekuwa ikikodishwa na kuingizwa sokoni mara kwa mara. Mara mbili katika maisha yake chombo hicho kilihesabiwa kuwa takataka. Kilichokiokoa mara ya pili ni kwamba kila mtu alijua kilikuwa nini, na karatasi za kuthibitisha zilikuwepo.

Ukarabati wa aina hii haufanani na kupiga rangi, na inafaa msomaji ajue fedha inakwenda wapi. Chombo hupandishwa kwenye chelezo, rangi yote ikakwanguliwa mpaka chuma kikabaki uchi. Kisha fundi hupima unene wa kila bamba kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, hatua kwa hatua kuanzia omo hadi tezi, kwa sababu kutu ya hatari ni ile inayokula kutoka ndani, chini ya vyumba na karibu na matangi, mahali ambapo macho hayafiki. Bamba lililopungua unene hukatwa na kuwekwa jipya. Katika vyombo vya kabla ya vita vikuu vya pili, mabamba yalishikanishwa kwa ribiti zilizopigwa zikiwa nyekundu kwa moto, na fundi wa leo lazima aamue kama atarudishia ribiti au atachomelea. Uamuzi huo mdogo una uzito: ukichomelea kila mahali unapata chombo imara lakini unafuta alama ya mikono iliyokiunda. Baada ya hapo huja nyaya za umeme, mabomba, vifaa vya kuzima moto, na vyeti vya ubora. Mara nyingi mwenye mali hatumii kidogo kuliko bei atakayouzia, na wengi huuza kwa hasara. Soko lenyewe basi halithibitishi kwamba ukarabati ni biashara nzuri kwa tajiri mmoja. Linathibitisha kwamba historia iliyotunzwa ina bei, na kwamba bei hiyo hulipwa na watu wenye akili zao timamu.

Sasa tuangalie upande wetu, tukianzia Uingereza. Kiwanda cha John I. Thornycroft cha Southampton, Uingereza, mwaka 1938 kiliunda boti ya kifahari iitwayo Shemara, yenye urefu wa karibu mita 65. Ilitumika na jeshi la majini wakati wa vita, ikarudi kwa mwenyewe, kisha ikalala bandarini Lowestoft kwa takriban miaka 20. Mwaka 2010 ikapata mnunuzi, na kufikia 2014 ilikuwa imefufuliwa na kurudi baharini. Kiwanda hichohicho, miaka michache kabla ya Shemara, kilikuwa kimeunda meli ya abiria iliyoitwa Robert Coryndon kwa ajili ya Ziwa Albert. Ilisafirishwa vipande vipande mpaka Uganda, ikaunganishwa huko na kuanza kazi mwaka 1930, ikiwa na vyumba vya daraja la kwanza na maktaba ambayo wasafiri wa kigeni waliisifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilifurika, bandari ya Butiaba ikaharibika, na meli ikazama nusu karibu na ufuko. Ilikaa pale miongo kadhaa. Kufikia mwaka 2012 mwili wake ulikuwa umekatwakatwa na kuuzwa kama skrepa. Mafundi wa mji mmoja ndio waliounda vyombo vyote viwili, na Shemara nayo ilitelekezwa kwa miaka. Tofauti ni kwamba kando ya Ziwa Albert hakuwepo mtu wala ofisi iliyosema kabla ya msumeno kuanza: hiki tukijue kwanza ni nini.

Butiaba hiyohiyo ilikuwa na chombo kingine, kidogo mno, chenye urefu wa mita 9 hivi. Kiliundwa Uingereza mwaka 1912 kikaitwa Livingstone, kikafanya kazi za kawaida za kubeba watu na mizigo. Mwaka 1951 John Huston alipokuja Uganda na Kongo kutengeneza filamu ya The African Queen, alikitumia chombo hicho kuwabeba waigizaji wake wakuu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Baadaye kiliuzwa nje, kikapita mikono kadhaa, na mwaka 1982 kikanunuliwa Marekani kwa dola 65,000. Mwaka 1992 kiliandikishwa rasmi katika orodha ya taifa ya Marekani ya mali za kihistoria, mwaka 2012 kikakarabatiwa, na leo watalii hulipa nauli kukipanda huko Key Largo, Florida. Mashua iliyosaga mawimbi ya Ziwa Albert kwa miongo kadhaa ni urithi wa taifa lingine. Siwalaumu walioinunua; waliitunza vizuri. Nasikitika kwamba ilipoondoka hapakuwa na utaratibu wowote wa kuuliza kama inafaa kuondoka.

Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935, na manowari ya Wajerumani iliyomo ndani yake ilibuniwa kwa kuitazama meli ambayo Watanzania tunaifahamu vizuri: Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, ikafunguliwa, ikafungwa ndani ya masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma. Iliingia majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Jina hilo linagusa moja kwa moja nchi ya Ngara mkoani Kagera, kwa sababu Götzen mwenyewe, kabla hajawa gavana wa Kijerumani, alivuka Mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo mwezi Mei 1894 na kuingia Rwanda. Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji na Uingereza yalipokaribia, mafundi wa Kijerumani waliipaka mitambo grisi nene, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili adui asiitumie. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na ile grisi ilikuwa imefanya kazi yake: mitambo ilitengenezeka. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 iliondolewa mvuke na kuwekwa dizeli. Imebeba dagaa, mahindi na wachuuzi, na mwaka 2015 iliwabeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka ufuko wa Kagunga hadi Kigoma. Hakuna Christina O wala Shemara yenye daftari la maisha kama hilo.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga kutunza meli za zamani ni ya usalama, na Kagera ndiyo yenye haki kuliko mikoa yote kuitoa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilizama karibu na Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Nani basi atamwambia mtu wa mkoa huu apende meli kuukuu? Lakini tuangalie umri. MV Bukoba iliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilipozama haikuwa imefikisha miaka 20. MV Nyerere iliyopinduka Ukara Septemba 2018 ilikuwa na miaka 14. Wakati MV Bukoba inazama, meli ya MV Victoria ilikuwa na miaka 35 na Liemba zaidi ya 80, na zote mbili zilikuwa zikifanya kazi. Vyombo vile viwili vilivyopata ajali havikuponzwa na uzee. Vilizidishwa watu na mizigo, na MV Bukoba pamoja na hayo ilikuwa na kasoro ya msawazo iliyojulikana. Chombo cha zamani kilichopimwa kila bamba kinaweza kuwa salama kuliko kipya kisichokaguliwa. Anayetaka usalama adai ukaguzi na idadi halali ya abiria, kwa vyombo vyote.

Hoja ya pili ni fedha, nayo ni nzito. Kuna vijiji Biharamulo na Ngara vinavyohitaji maji na zahanati, na mtu anaweza kuuliza kwa nini mabilioni yaende kwenye chuma cha wakoloni. Jibu liko Ziwa Victoria. Meli ya MV Victoria, iliyoundwa Scotland na kuunganishwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 22 na kurejea safari za Mwanza, Kemondo na Bukoba mwaka 2020, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. MV Mwanza, meli mpya yenye nafasi ya abiria idadi ileile, imegharimu zaidi ya shilingi bilioni 100. Ni kweli ile mpya inabeba mizigo mingi zaidi na magari, kwa hiyo ulinganisho huu si wa sawa kwa sawa. Hata hivyo unaonyesha kwamba mwili wa zamani uliotunzwa ni akiba, na kwamba kuufufua kunaweza kuwa uamuzi wa mhasibu kabla haujawa wa mpenda historia. Ndizi, kahawa na abiria wa Kagera waliosafiri ndani ya Victoria tangu hapo hawakuwa ndani ya jumba la makumbusho.

Wapo pia wanaosema vitu hivi ni kumbukumbu za mtawala, na kweli Götzen ndiye aliyekuwa gavana wakati Maji Maji inazimwa kwa damu na njaa. Mimi naona hilo ni sababu ya kuvitunza na kuvieleza, si ya kuviyeyusha. Boma la Biharamulo lilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kutawala. Likakarabatiwa, na wageni wamelala ndani yake wakilipa. Hakuna mtu Biharamulo anayechukulia kwamba kuliacha lisimame ni kuwasifu waliolijenga. Liemba vilevile ilikuwa ya Wajerumani kwa mwaka mmoja na miezi mitano tu, na imekuwa ya watu wa ziwa kwa karibu karne nzima.

Tatizo kubwa ni sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Karibu kila kitu cha baada ya hapo, liwe boma la Biharamulo au meli ya mwaka 1913, kinahitaji kutangazwa na Waziri. Mwaka 1964 mpaka huo wa miaka mia ulikuwa na mantiki. Leo unaziacha nje reli, bandari na meli zote za mvuke. Ingetosha kuubadili uwe mpaka unaosogea, miaka mia kurudi nyuma kutoka mwaka tulio nao, na kuongeza sharti kwamba chombo cha umma chenye umri wa miaka hamsini au zaidi kisiuzwe wala kukatwa kabla ya kupigwa picha, kupimwa na kuandikiwa historia yake. Sharti hilo halimzuii mtu kuuza. Linamlazimu muuzaji ajue anachouza, na kama kuna mnunuzi wa nje, alipe bei ya historia badala ya bei ya kilo.

Nusu ya kazi hiyo ya kuandika historia haihitaji bunge wala mkandarasi. Nyamirembe, ambayo sasa iko Chato, ilikuwa ndiyo bandari ya Biharamulo ya zamani, na meli za ziwani zilitia nanga hapo kwa miongo mingi. Wapo wazee waliopakia mizigo pale na Kemondo, waliokuwa mabaharia, waliosafiria daraja la tatu kwenda kutafuta kazi Mwanza. Wanakumbuka majina ya meli, ya manahodha, nauli, na mizigo iliyokuwa ikipakiwa. Walimu wa historia wa sekondari za wilaya hizi wanaweza kuwatuma wanafunzi wao na madaftari wakati wa likizo, na maelezo hayo yakahifadhiwa kwenye maktaba ya halmashauri pamoja na picha zilizoko majumbani. Kazi hiyo inabidi ianze sasa, maana aliyekuwa kijana wa miaka ishirini Victoria ilipofika ziwani ana zaidi ya miaka themanini leo.