SOMO LA REDIO: PROGRAMU MOJA, PRINTA MBILI

Kila mmoja awe na daftari la miraba na kalamu ya risasi, maana leo tutaandika maandishi ambayo hayakuandikwa ili yasomwe na mtu. Yameandikwa ili yasomwe na mashine.

Chukueni kitu chochote kilichonunuliwa dukani, kama vile sabuni au kopo la maziwa. Kigeuzeni. Mtaona mistari myeusi imesimama kama fito za ua, mingine minene, mingine myembamba. Watu huiita bakodi. Mashine huimulika mistari hiyo kwa taa, ikapima unene wake, ikajua ni kitu gani.

Leo tutajifunza jambo moja: programu iliyozoea kuchapa mistari hiyo kwa printa ya namna moja yawezaje kuchapa kwa printa ya namna nyingine. Programu, kama mjuavyo, ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta hufuata.

Mistari husema nini?

Bakodi ziko za namna nyingi. Ile ya madukani ilitumiwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, Ohio, nchini Marekani. Kitu cha kwanza kuuzwa kwa kusomwa mistari hiyo kilikuwa pakiti ya chingamu. Leo tutatumia nyingine, iitwayo Code 39, iliyobuniwa katika mwaka huo huo wa 1974 na kampuni ya Intermec. Hii hutumika sana maghalani, kwa sababu huandika tarakimu na herufi pia.

Katika Code 39, kila herufi ina vipande tisa: mistari myeusi mitano, na nafasi nyeupe nne katikati yake. Kati ya vipande hivyo tisa, vitatu ni vinene na sita ni vyembamba. Sasa tuandike herufi A. Kipande chembamba kipeni mraba mmoja, na kinene kipeni miraba mitatu. Haya, pakeni rangi nikisema "cheusi", na rukeni nikisema "cheupe":

Cheusi kinene. Cheupe chembamba. Cheusi chembamba. Cheupe chembamba. Cheusi chembamba. Cheupe kinene. Cheusi chembamba. Cheupe chembamba. Cheusi kinene.

Hesabuni miraba yenu. Ikiwa ni 15, mmepata. Hiyo ndiyo A. Ukiiandika kubwa au ndogo ni A ile ile, mradi kinene kibaki kinene mbele ya chembamba. Neno zima huanza kwa alama ya nyota na huishia kwa nyota. Tena kushoto na kulia hapana budi pabaki peupe, ili mashine ijue neno lianzapo na lilipokomea.

Printa ya sindano

Printa ya sindano ina kichwa chenye sindano ndogo zilizopangwa wima, moja juu ya nyingine. Kichwa hupita juu ya karatasi. Sindano hugonga utepe wa wino, na kila pigo huacha nukta. Printa za namna hii zilienea sana katika miaka ya 1980, na hata leo zinatumika mahali panapotakiwa nakala kadhaa kwa pigo moja.

Ukitaka mstari wima, ziamuru sindano nane zigonge pamoja. Ukitaka nafasi nyeupe, ziamuru zote zitulie. Basi mstari mwembamba tuupe nukta mbili kwa upana, na mnene tuupe sita. Herufi moja itachukua nukta 30, pamoja na mbili za kuitenga na jirani yake, jumla 32. Namba ya tarakimu nane, pamoja na nyota zake mbili, ni alama kumi. Kwa hiyo tunahitaji safu 320 za nukta. Ishikeni namba hiyo.

Neno moja, maana mbili

Tuseme ni miaka ya 1980. Mtunza stoo ya dawa katika hospitali moja ana kompyuta ya Apple II na programu ya kuchapa vibandiko vya mistari. Programu iliandikwa kwa ajili ya printa ya Epson FX-80. Siku moja printa ikavunjika. Akapewa nyingine, Apple ImageWriter, nayo pia ni ya sindano. Akaunganisha waya sawasawa, akaagiza vibandiko. Karatasi ikatoka na herufi za ovyo na wala si mistari.

Wenzake wakasema, "Printa ni mbovu." La, si mbovu. Haikuelewa tu.

Mwambie mtu jikoni, "Niletee mbuzi." Atakuletea mbuzi ya kukunia nazi. Mwambie mchungaji maneno hayo hayo, naye atakuja amemshika mnyama kwa kamba. Neno ni moja, wasikiaji ni wawili. Na printa ndivyo zilivyo.

Amri nyingi kwa printa hizi mbili huanza na namba 27. Namba hiyo ni kama kugonga meza na kusema, "Sikiliza! Yafuatayo ni amri, si maandishi." Hapo wanalingana. Baada ya hapo wanaachana.

Kwa Epson, 27 ikifuatwa na herufi L maana yake ni, "Chapa nukta, 120 katika kila inchi." Kwa ImageWriter, 27 na L maana yake ni, "Panga ukingo wa kushoto." Kumbe ndiyo sababu ya ovyo lile! ImageWriter hutaka herufi G ili ichape nukta.

Hata hesabu huandikwa tofauti. Epson hupewa idadi ya safu kwa namba mbili: ya pili huzidishwa kwa 256, kisha ya kwanza huongezwa. Kwa safu zetu 320 huandikwa 64 na 1, maana 256 na 64 ni 320. ImageWriter yenyewe hupenda tarakimu nne za kawaida: 0320. Ile sifuri ya mbele isiachwe.

Mambo matatu ya kubadilisha

Mtunza stoo wetu asiitupe programu yake. Sehemu inayojua umbo la A na B haina kosa, wala asiiguse. Abadilishe yale tu yanayohusu printa. Nayo ni matatu.

La kwanza ni amri ya kuchapa nukta, ambayo tumekwisha kuieleza.

La pili ni ukaribu wa nukta. ImageWriter yaweza kuchapa nukta 72, 80, 96, 120, 144 na hesabu nyinginezo katika inchi moja. Ikiachwa kwenye 80, safu zetu 320 zitajaza inchi 4. Lakini vibandiko vyake vina upana wa inchi 3 na nusu! Mistari itapita nje. Kwenye 120, safu hizo huchukua inchi 2 na theluthi mbili, na pande zote mbili hubaki peupe. Amri ya kuiweka kwenye 120 ni 27 na herufi q ndogo. Si Q kubwa, ambayo huiweka kwenye 136. Ndugu wanafunzi, mkisumbuliwa na mwalimu juu ya herufi kubwa na ndogo, msinung'unike.

La tatu ni hatua ya karatasi. Kichwa kikipita mara moja, mistari huwa mifupi, nukta nane tu kwenda chini. Ili iwe mirefu, printa hupita mara nne, na kila mara karatasi husogea nukta nane kamili, yaani sehemu 8 za 72 za inchi. Kwa Epson amri ni 27, herufi A, kisha 8. Lakini kwa ImageWriter, 27 na A huisogeza karatasi sehemu moja ya sita ya inchi, ambayo ni nukta 12. Hapo mistari itakatika, na kati ya kipande na kipande patakuwa na pengo la nukta nne. Amri ifaayo ni 27, herufi T, na tarakimu 16, kwa kuwa printa hii hupima kwa sehemu za 144 za inchi. Na 16 katika 144 ni sawa na 8 katika 72.

Kupima kabla ya kuamini

Sasa kibandiko kimetoka, na kwa macho ni kizuri. Je, kazi imekwisha? Bado. Nukta ya sindano ni pana kuliko hatua ya kichwa, tena wino wa utepe mpya huenea. Mistari myeusi hunenepa, na nafasi nyeupe hukonda. Hilo likizidi, mashine hushindwa kusoma. Dawa yake ni kupunguza nukta moja katika kila mstari mweusi na kuiongeza kwenye nafasi nyeupe inayofuata.

Basi apime vibandiko kadhaa kwa mashine ya kusomea, na alinganishe namba inayotokea na namba aliyoiandika. Kibandiko kisiposomeka, karani huandika namba kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa, dawa iliyokwisha toka huhesabiwa kuwa bado ipo. Muuguzi huifuata usiku, akakuta rafu tupu. Hilo ndilo tunalolikinga kwa dakika chache za kupima.

Printa hizo mbili sasa ni za kale, lakini jambo lenyewe si la kale. Hata leo printa za risiti na za vibandiko zina lugha zao. Nyingi za risiti hufuata lugha ya Epson iitwayo ESC/POS, na nyingine hazifuati. Mashine mpya ikikataa kazi ya zamani, msikimbilie kuitupa. Ulizeni kwanza: kipi ni cha ujumbe, na kipi ni cha msikiaji? Kisha badilisheni kile cha msikiaji tu.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka juma lijalo.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Herufi moja ya Code 39 ina vipande vingapi? Vinene ni vingapi?
2. Epson ingeandikiwaje safu 300?
3. Kwa nini mistari iliyochapwa kwa nukta 80 katika inchi isingeenea katika kibandiko?
4. Toeni mfano wa neno la Kiswahili lenye maana mbili. Msikiaji hujuaje maana inayotakiwa?