Eropleni Kuukuu: Jinsi ya Kuipima na Kuiongezea Uzima

Huenda mtauliza: sisi wa Chienge na Nchelenge, watu wa mitumbwi na nyavu, tuna haja gani na habari za kununua eropleni? Jibu si gumu. Ziwa letu Mweru lina urefu wa kilomita 130 hivi, na ndani yake mna visiwa vyenye watu, kama Kilwa na Isokwe. Barabara ya kufika Chienge ni ndefu, na mgonjwa mahututi hangoji lori. Kwa sababu kama hizo, katika miaka ya 1960 nchi ya Zambia ilianzisha huduma ya madaktari warukao, yenye makao yake Ndola. Huko Kenya kazi ya namna hiyo ilikuwa imekwisha anza mwaka 1957.

Ndege ndogo mpya ni ghali mno, kwa hiyo nyingi zinazouzwa ni kuukuu. Chukueni mfano wa Cessna 172. Ilianza kuuzwa mwaka 1956, na zimekwisha tengenezwa zaidi ya 44,000. Lakini kutoka 1986 mpaka 1996 haikutengenezwa kabisa, na nyingi za zile za kwanza zingali zinaruka. Basi kijana wa shule hii atakayekuwa rubani, au fundi, au mjumbe wa kamati ya hospitali, huenda siku moja ataulizwa, “Je, ndege hii inafaa?” Yafaa ajue namna ya kujibu.

Jambo la kwanza ni hili: umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Tarehe 4 Aprili 2018, huko Florida, Marekani, bawa la ndege ya mafunzo aina ya Piper lilikatika angani, na watu wawili waliokuwamo wakafa. Ndege ile ilitengenezwa mwaka 2007 tu, lakini ilikuwa imeruka zaidi ya saa 7,000, ikipanda na kutua na wanafunzi kila siku. Wachunguzi walikuta ufa katika mhimili wa bawa, penye matundu ya bolti, mahali pasipoonekana kwa macho. Baada ya hapo serikali ya Marekani ikaamuru ndege nyingi za namna ile zipimwe kwa chombo cha umeme kinachogundua nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika ndege, huenda usipate nafasi ya kujenga chochote.

Kinyume chake pia ni kweli. Ndege iliyolala miaka mingi bila kuruka yaweza kuwa mbaya kuliko iliyoruka sana. Katika injini za Lycoming, ambazo Cessna 172 ilianza kutumia mwaka 1968, mna chuma kiitwacho kemshafti, kinachofungua na kufunga vali. Chuma hicho kimewekwa juu. Injini ikikaa kimya, oili hushuka chini na kukiacha kikavu, na hewa yenye unyevu, kama hii ya kando ya ziwa, hukitia kutu. Ndiyo maana mtengenezaji anashauri injini za namna hii zifunguliwe na kufanywa upya zikifika saa 2,000 hivi, au miaka 12, lolote litangulialo. Muuzaji akisema, “Injini hii imeruka saa chache tu,” mwulize, “Kwa muda wa miaka mingapi?”

Basi upimaji huanzia wapi? Huanzia katika vitabu vya ndege. Kila safari, kila matengenezo na kila kifaa kilichobadilishwa hapana budi kiwe kimeandikwa. Fundi husoma ukurasa kwa ukurasa na kulinganisha na maagizo ya lazima ya usalama yaliyotolewa kwa aina ile ya ndege. Kwa mfano, tangu mwaka 1987 reli za viti vya Cessna hupimwa kwa amri, kwa kuwa reli ikilika, kiti huweza kuteleza nyuma wakati ndege inapopaa, na rubani akavuta usukani pamoja naye. Ndege yenye vitabu vilivyopotea ni kama mtu asiye na ukoo: labda ni mwema, lakini nani atamshuhudia?

Pili ni mwili. Mvuvi anunuapo mtumbwi haangalii rangi. Huupindua na kuutazama tumbo. Vivyo hivyo fundi hufungua vifuniko vya mabawa na mkia, akaingiza taa na kioo. Hutafuta unga mweupe, ambao ndio kutu ya aluminiamu, hasa penye viungo na chini ya sakafu. Hutazama misumari iliyolegea na mabati yaliyojikunja, ambayo ni dalili ya ndege iliyowahi kutua kwa kishindo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tatu ni injini. Fundi huingiza hewa katika kila silinda kwa nguvu ya ratili 80 kwa inchi ya mraba, kisha hutazama ni kiasi gani kinachobaki. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, husikiliza hewa inatorokea wapi. Ikitoka kwenye ekzosi, vali ya moshi haifungi. Ikitoka penye kujazia oili, ringi za pistoni zimekwisha. Halafu hukata chujio la oili na kutafuta chembe za chuma.

Hapa yafaa wanafunzi wa fizikia wakumbuke hali ya kwetu. Pwani ya Mweru iko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Siku ya joto la nyuzi 30, hewa huwa nyepesi hata ndege huruka kana kwamba iko karibu mita 1,700. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake, na mabawa nayo hutaka mwendo zaidi kabla ya kuinuka. Kiwanja kinachotosha asubuhi chaweza kuwa kifupi saa nane mchana. Tena Cessna 172 ikizimika injini mita 1,000 juu ya maji, itaelea angani kilomita 9 hivi tu. Penye upana mkubwa ziwa hili lina kilomita 50 na zaidi.

Ndege ikishinda mtihani huo, ndipo tuseme habari za kuiboresha. Wanunuzi wengi huanza na vioo vya kung'aa mbele ya rubani, wakasahau mwili. Utaratibu mwema ni huu: kwanza ponya kutu na nyufa, pili fanya injini upya, tatu tia vifaa vya kuokoa maisha, nne ongeza nguvu, mwisho kabisa, vyombo vya fahari.

Katika vifaa vya kuokoa maisha, mikanda ya mabega haina gharama kubwa, lakini huzuia kichwa kisigonge mbele. Kisha kuna redio inayolia yenyewe ndege ikianguka. Ndege nyingi za zamani zina redio ya mawimbi ya 121.5, lakini tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti haziyasikilizi tena. Hapana budi kuweka ile ya 406. Bila hiyo, watafutaji watalizunguka ziwa siku nyingi bure.

Ama kuhusu nguvu, Cessna 172 yaweza kupewa injini ya nguvu farasi 180, au rafadha iliyokatwa kwa ajili ya kupanda upesi. Ziko pia injini za dizeli zinazotumia mafuta ya ndege za jeti, jambo la maana penye shida ya petroli ya ndege. Lakini kila badiliko lataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndege hupimwa uzito upya. Cessna 172 nyingi za miaka ya 1960 na 1970 haziruhusiwi kuzidi kilo 1,043, pamoja na watu na mafuta. Kila kilo ya kifaa kipya ni kilo iliyopunguzwa kwa mgonjwa au dawa.

Neno la mwisho kwa wanunuzi: mlipeni fundi wenu wenyewe, wala msimtegemee fundi wa muuzaji, maana huyo ana tajiri wake. Tena wekeni akiba kabla ya kulipa bei, kwa sababu ndege kuukuu haimalizi kudai. Na fundi wenu akisema, “Hii haifai,” mshukuruni na kumlipa vilevile. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa.